Akaunti ya kazini imeng'ang'ania kompyuta yangu

Mikataba ya mashirika ikiisha huku Kigoma, maswali haya huja kwa mafungu. Nimechagua manne.

Shikamoo. Mkataba wangu na shirika moja hapa Kasulu umeisha. Laptopu ni yangu mwenyewe, lakini kila nikifungua Word inadai nywila ya kazini. Nimeitoa akaunti kwenye Word, ikarudi palepale. (Msomaji, Kasulu)

Marahaba. Unahangaika na Word bure. Anayeishikilia akaunti hiyo ni Windows, na ndiye anayeigawa kwa programu nyingine. Siku ulipoingia Teams au Outlook kilitokea kisanduku kikiuliza kama shirika liruhusiwe kusimamia kifaa chako, tiki ikiwa imeshawekwa, ukabonyeza OK kama tufanyavyo wote. Mimi naona kile kisanduku ni mtego. Jibu linalomfaa mwenye kompyuta yake, la kuingia kwenye programu ile moja tu, wameliweka chini kwa maandishi madogo.

Kabla ya kufuta chochote, fungua folda ya OneDrive ya kazini, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Faili lenye alama ya wingu halimo kwenye kompyuta yako. Lipakue, ulinakili nje ya folda hiyo, na usikawie: mfanyakazi akishafutwa kwenye mfumo, OneDrive yake kwa kawaida hutunzwa siku 30, labda msimamizi awe ameongeza muda. Bando likibana, pakua usiku.

Sasa nenda Settings, Accounts, kisha Access work or school, penye picha ya mkoba. Bofya akaunti, halafu Disconnect. Pitia na sehemu ya Email & accounts, uitoe huko pia. Ndipo utoke kwenye Word yenyewe, uzime kompyuta na kuiwasha. Ikiibuka tena, fungua Credential Manager, pale Windows inapotunza nywila, ufute mistari inayoanza na MicrosoftOffice16. Mara nyingi ndiko inakojificha.

Ujue tu kwamba kama Word ilikuwa kwa leseni ya shirika, itabaki kufungua na kuchapisha bila kukuruhusu kuandika. LibreOffice ni ya bure na inatosha kwa barua na CV.

Mimi hata nikiwasha kompyuta naingia kwa barua pepe ya kazini. Nibonyeze hiyo Disconnect? (Msomaji, Kibondo)

Subiri kwanza. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika dsregcmd /status. Ukiona AzureAdJoined : YES, kompyuta nzima imejiunga na shirika, na ukikata kiholela utajifungia nje. (Ikiwa YES iko kwenye WorkplaceJoined peke yake, fuata jibu la mwenzako wa Kasulu.)

Tengeneza mtumiaji mwingine wa hapohapo kwenye kompyuta, umpe mamlaka ya msimamizi, na uingie kwa jina lake uhakikishe nywila inakubali. Pia angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski. Ufunguo wake wa kuokolea una tarakimu 48, na huenda nakala pekee iko kwenye akaunti hiyohiyo unayotaka kuitoa. Uhifadhi kwenye flashi au uuchapishe. Baada ya hapo kata. Kama kitufe hakipo au kinagoma, shirika limezuia. Waandikie watu wao wa TEHAMA wakuondoe wao.

Nilinunua laptopu ya mtumba. Nimepiga Windows upya, bado inaleta ukurasa wa kampuni ya Ulaya. Fundi anataka hela apige tena. (Msomaji, Mwanga)

Usimpe. Kompyuta hiyo imesajiliwa kwenye Autopilot: utambulisho wake uko kwenye seva za Microsoft, kwa hiyo hata upige Windows mara ngapi, ikinusa intaneti tu inarudi kwa mwenyewe. Mwenye uwezo wa kuifuta kwenye orodha ni kampuni ile. Mrudishie muuzaji. Na siku ukinunua nyingine, aifute na kuianzisha upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako.

Bosi wa zamani anaona picha zangu? (Msomaji, Ujiji)

Zilizo kwenye diski yako, hapana. Kwa usajili wa kawaida anaona jina la kifaa, modeli na toleo la Windows. Ulizoziweka kwenye OneDrive ya kazini ni habari nyingine: hizo msimamizi anaweza kuzifungua.