Mwacheni Mtoto Atengeneze Mwenyewe: Majibu ya Maswali Yenu

Shule zinakaribia kufungwa, minada ya korosho imeanza, na maswali ya zawadi yamejaa. Nimechagua yale yanayowagusa wengi. Wanaouliza "ninunue wapi" sikuwajibu, isipokuwa mmoja, na yeye nimemjibu kwa sababu swali lake linaulizwa kila mwaka na linaniudhi kila mwaka.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka sita. Desemba tunakwenda kwa bibi yake Newala na nataka ampelekee kitu alichokitengeneza mwenyewe. Hela ya vifaa sina. (Mama, Chikongola)

Marahaba mwanangu. Vifaa vingi unavyo jikoni. Tafuta kitambaa cheupe cha pamba, hata shuka kuukuu, ukate palipo pazima, ukubwa wa kufunikia sinia. Kifue kwanza hata kama ni kipya, maana kitambaa cha dukani kina wanga unaozuia rangi isishike. Kisha kata bamia iliyokomaa kwa upana. Hapo una muhuri wa ua ambao hukuuchonga. Futa ute, iache ipigwe na upepo kidogo, mtoto achovye na kugonga anavyotaka. Ukisema "anavyotaka" umaanishe. Maua yakirundikana pembeni na katikati pakabaki peupe, basi ndivyo alivyotaka.

Kwa jina la bibi, chonga herufi kwenye kipande cha muhogo mbichi. Kisu shika wewe. Herufi zikae kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, zikigongwa ndipo zisomeke. Muhogo unatoa maji yenye wanga, kwa hiyo uufute kila baada ya kugonga mara tatu nne. Rangi ndiyo kitu pekee cha kununua: kikopo kidogo cha rangi ya nguo. Rangi za maji za shuleni zitaondoka kwenye dobi la kwanza, na manjano ya jikoni hupauka juani. Ikishakauka vizuri, piga pasi ya moto upande wa nyuma.

Na kwa kuwa kanga ina jina lake, kitambaa cha bibi nacho kiwe na maneno. Muulize binti anataka kumwambia nini bibi, uandike hivyohivyo alivyosema. Usimtungie methali. Bibi anazo za kutosha, anachokikosa kule Newala ni sauti ya mjukuu.

Gundi ipi inafaa? (Wasomaji wengi mno)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, tafadhalini mliandike ukutani. Vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye kikombe cha maji baridi. Koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga hadi uwe uji mzito unaong'aa. Inashika karatasi na kitambaa. Haishiki kifuu, kombe wala bati. Kwa joto letu haimalizi siku tatu kabla ya kuchacha. Ile gundi ya dukani inayogandisha vidole papo hapo isiguswe na mtoto kabisa.

Watoto wameokota mbegu nzuri nyekundu zenye doa jeusi, kwenye vichaka nyuma ya nyumba. Nataka wamtungie dada yao bangili. Nizitoboe kwa kitu gani? (Baba, Nachingwea)

Baba, usizitoboe. Hizo ni mbegu za mtipitipi na ndani zina sumu kali sana. Zikiwa nzima ganda lake gumu huizuia sumu, na ndiyo maana watu huzichezea miaka wakadhani ni salama. Hatari huanza ganda linapopasuka: mtoto akitafuna, au mtu akizitoboa ili azitunge, jambo ambalo ndilo ulilotaka kulifanya. Mbegu moja iliyotafunwa inaweza kumuua mtoto. Na bangili, sote tunajua, haimalizi siku bila kufika mdomoni mwa mdogo wa mwisho.

Kusanya zote, hesabu na walizozificha mifukoni, uzitupe chooni, kisha wanawe mikono kwa sabuni. Ikitokea mmoja ametafuna, mpeleke hospitali saa hiyohiyo ukiwa na mbegu mkononi ili waione. Usisubiri atapike, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, na wazazi hupumzika wakati ambao walipaswa kuwa njiani. Mbegu za mbarika nazo ziingie kwenye katazo hilohilo.

Bangili itengenezwe kwa karatasi. Kalenda ya mwaka uliopita inatosha familia nzima: kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu kama 20. Zungusha kwenye chelewa kuanzia upande mpana, paka gundi ya muhogo kwenye ncha, chomoa chelewa, anika. Ushanga unatoka umenenepa katikati, na rangi za picha zinajipanga zenyewe.

Naweza kutumia mifuko ya nailoni kutengeneza maua? (Ruangwa)

Hapana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, msiitafutie kazi ya kuirudisha nyumbani.

Babu yao anapenda bao, na lake limepasuka. Watoto wanaweza kumtengenezea jingine? (Mama, Lindi mjini)

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Wanaweza, kwa trei mbili za mayai. Trei ya mayai 30 ina safu tano za mashimo sita. Kwenye ya kwanza ondoa safu moja, zibaki nne: hayo ni mashimo 24. Kwenye ya pili kata kipande cha safu nne chenye mashimo mawili kila safu: hayo 8. Yaunganishe juu ya kadibodi nene na utapata safu nne za mashimo nane, mashimo 32 kamili. Hesabu hiyo waachie watoto waifanye wenyewe kabla hujashika mkasi, maana kugundua kwamba trei moja haitoshi ni nusu ya kazi.

Lifunikeni kwa vipande vya gazeti vilivyolowa gundi ya muhogo, tabaka la kwanza likauke kabla ya la pili, halafu la tatu. Msiharakishe. Bao lililofunikwa mara moja litalegea chini ya mikono ya babu wiki hiyohiyo. Mkishapaka rangi, chora mraba kuzunguka nyumba, tundu la tano kutoka kushoto kwenye safu ya ndani, kwa kila mchezaji. Kete ni 64. Komwe zikipatikana ndizo zenyewe, zisipopatikana okoteni vijiwe vya ukubwa mmoja. Jina la babu liandikwe ubavuni kwa mkono wa mtoto. Kisha mzee naye alipe: amfundishe mjukuu, aanze na bao la kujifunza. Wajukuu wengi wa Lindi siku hizi wanaijua michezo yote ya kwenye simu na hawajui kutakata, yaani kusambaza kete bila kula.

Mwanangu wa darasa la nne ameambiwa apeleke kikapu shuleni Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Nani anauza vikapu vidogo vinavyoonekana kama vimesukwa na mtoto? (Mzazi, Masasi)

Sitakuelekeza. Unataka kununua uongo, tena uongo uliochongwa ufanane na mkono wa mwanao, na yeye atakuwa amesimama pembeni akiona mama au baba yake akitoa hela. Atajifunza kwamba mikono yake haitoshi na kwamba kazi ya shule ni ya kununuliwa. Alama atakazopata ni za mtu aliyekaa sokoni.

Walimu wenzangu nao wanasikia. Kikapu cha ukili hakisukwi na mtoto wa darasa la nne kwa siku mbili. Kuchana miyaa, kuianika, kuitia rangi, kusuka ukili, kushona: bibi mwenye uzoefu hufanya hiyo kazi kwa siku kadhaa. Mwalimu anayeagiza kikapu kwa Jumatatu ameagiza wazazi waende dukani, hata kama hakukusudia.

Ila kuna pakacha. Omba kuti bichi moja kwa jirani mwenye minazi au kwa yeyote anayeshusha nazi. Mkubwa apasue uti kati na kukata kipande cha urefu wa mkono, kisha mtoto asuke majani, moja juu, moja chini. Kumfundisha kuanza na kufunga kitako ni kazi ya alasiri moja. Litatoka limepinda. Alipeleke hivyohivyo, na mwalimu akiuliza, mtoto ataweza kueleza kila alichofanya, jambo ambalo kikapu cha kununua hakitamwezesha.

Maganda ya korosho yanatupwa mengi huku kwetu. Watoto wayabandike kwenye fremu za picha? (Tandahimba)

Nashangaa swali hili kutoka Tandahimba. Mafuta yaliyomo ndani ya ganda la korosho yanababua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka mafuta au majivu mikononi. Ganda lililokaangwa nalo hubaki na masalia, na moshi wake unachoma macho na kifua. Kila msimu tunaona watoto wenye midomo na vidole vilivyobabuka kwa sababu mkubwa fulani alisema "wachezee tu". Usiyape mikono ya watoto, hata kwa dakika tano.

Mnataka zawadi ya korosho? Chukueni zilizokwisha banguliwa, watoto wakunje vipakiti vya karatasi walivyovichora wenyewe, watie korosho chache, wavitunge kwenye uzi liwe shada la mahafali. Linapendeza shingoni kuliko yale ya plastiki ya kumetameta, na halibaki takataka.

Tunaishi karibu na Shangani. Tunaokota makombe ya baharini kwa mapambo. Tuyasafisheje? (Mtwara)

Kabla ya kusafisha, angalieni ndani. Likiwa na kiumbe, lirudi majini. Likiwa tupu lakini kuna kaa amehamia humo, hiyo ni nyumba yake, mwacheni. Na watoto wakatazwe kabisa kuokota makombe yenye umbo la koni na madoadoa mazuri wakati wa maji kupwa: mnyama wake akiwa hai ana mwiba wenye sumu, baadhi ya aina zake huua, na dawa ya kuipinga sumu hiyo haipo. Chukueni vipande na makombe yaliyotupwa na mawimbi juu mchangani, machache. Yatieni kwenye maji baridi ya bomba, yachemsheni mpaka yatokote, yasuguliwe kwa mswaki wa zamani, yaanikwe. Matumbawe msiyaguse. Na mkienda Msimbati kumbukeni mko ndani ya hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ulizeni wahifadhi kabla ya kuokota chochote.

Mjomba wao anachonga vinyago. Nimpe wa miaka minane kipande cha mpingo ajaribu? (Mikindani)

Usimpe. Mpingo ni mgumu kiasi cha kurudisha patasi ya fundi, na vumbi lake huwasumbua wengi ngozi na pumzi. Mpe sabuni ya mche na kijiko. Mjomba akae naye, amweleze jinsi watu wanavyobebana kwenye kinyago cha ujamaa, halafu mtoto achonge familia yake mwenyewe kwenye sabuni. Mabaki mfulie.

Kadi aliyoitengeneza mwanangu ina makosa ya herufi. Niirekebishe kabla ya kumpa shangazi yake? (Kilwa Masoko)

Usiiguse.

Unga wa ngano na chumvi unafaa kwa kufinyanga? Wangu ulilainika tena baada ya kukauka. (Mama, Kilwa Kivinje)

Unafaa. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, maji yatiwe kidogokidogo. Kosa halikuwa lako. Chumvi huvuta unyevu, na hewa yetu ya pwani inao tele, hasa wakati wa masika. Vitu viwe vyembamba, visizidi unene wa kidole cha mtoto, vikaushwe kivulini siku tatu nne huku mkivigeuza, kisha vipakwe vanishi pande zote, na mpakaji awe mkubwa, nje ya nyumba. Kama vanishi huna, achana na unga wa ngano, ambao kwa bei ya sasa ni afadhali uwe chapati. Loweka magazeti usiku kucha, yaponde kwenye kinu cha zamani, yakamue, changanya na gundi ya muhogo, mfinyange hiyo. Alama ya kiganja cha mtoto inakaa humo vizuri. Mwandike jina na mwaka kwa msumari ikiwa bado mbichi.