Dogo kapata hela ya usajili, kaniuliza anunue gari gani

Wiki iliyopita dogo mmoja wa hapa mtaani kwetu Kitangiri kanipigia simu saa nne usiku, anahema utadhani katoka mazoezini, "kaka wamesaini, wamesaini kaka, hela inaingia mwisho wa mwezi." Nilifurahi sana maana huyo dogo nimemuona tangu anacheza chandimu peku nyuma ya shule, na timu iliyomchukua ni ya ligi kuu, mkataba miaka miwili. Tukaongea kidogo, nikampongeza, alafu swali lake la kwanza, la kwanza kabisa, likawa: kaka nichukue Crown au Subaru?

Sikumjibu palepale. Nikamwambia njoo kesho tule sato. Haya ninayoandika ndio niliyomwambia siku hiyo, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya yeye kuondoka, nayaweka hapa kwasababu najua madogo wengi wa kanda ya ziwa wako hatua hiyohiyo na hakuna mtu wa kuwakalisha chini.

Mimi nimecheza ligi kuu misimu mitatu. Usajili wangu mkubwa ulikuwa milioni 25 kwa miaka miwili, mshahara laki nane kwa mwezi. Nilikuwa na miaka 23, mtoto wa mama muuza dagaa wa Mwaloni, sijawahi kushika hata milioni moja yangu mwenyewe. Ndani ya miezi 14 zilikuwa zimeisha zote. Mwezi wa 17 goti likachanika nyuzi za ndani, mazoezini tu, hata sio kwenye mechi, na mkataba ulipoisha simu haikuita. Nikarudi Mwanza na begi langu, nikawa nacheza ndondo na goti bovu kwa elfu ishirini, siku nyingine kwa nauli na soda, huku watu pembeni ya uwanja wananyoosheana vidole, si yule ndio alikuwa ligi kuu?

Sasa zile milioni 25 zilienda wapi. Nilikuja kukaa na daftari miaka miwili baadae nikajaribu kuzikumbuka moja moja na nataka mchezaji yeyote anayesoma hapa aangalie hizo namba vizuri. Gari, GX 110 ya mkononi, milioni 9. Mama nilimpa milioni 2, na hizo ndio pekee ambazo sijutii hata shilingi. Bodaboda mbili, milioni 4 na laki nne, nikampa binamu yangu asimamie mimi nikiwa kambini. Kiwanja Buhongwa milioni 3. Jumla hapo ni milioni 18 na laki nne. Zilizobaki, milioni 6 na laki sita, mpaka leo siwezi kukwambia zilikwenda wapi. Sio ulevi, mimi sinywi. Ni elfu hamsini hapa, laki pale, mchango wa harusi, mchango wa msiba, send off, jezi za timu ya mtaa, mshkaji kakwama kodi, shangazi anaumwa Magu, mtoto wa nani kafaulu hana sare. Kila moja ukiiangalia yenyewe ni ya haki kabisa, ndio maana hazionekani zikiondoka.

Watu wakimzungumzia mchezaji aliyefilisika wanakimbilia kusema wanawake na pombe. Kuna walioangukia huko, sikatai, na mikeka ya kubeti nayo imemaliza wengi. Lakini daftari langu halisemi hivyo. Daftari langu linasema nilimalizwa na kuogopa kusema sina. Mtu akitoka mtaani kwetu akapata, anakuwa wa wote, na siku akikataa mara moja tu basi kaota mapembe, kajisahau, hakumbuki alikotoka. Nilikuwa naogopa hilo neno kuliko mabeki. Kwahiyo nilikuwa natoa.

Na wala usidhani hili ni tatizo la hela ndogo za kibongo. Mike Tyson ulingoni aliingiza zaidi ya dola milioni 300 na mwaka 2003 akaenda mahakamani kuomba atangazwe kafilisika. Antoine Walker alicheza kikapu NBA, mishahara tu peke yake ilizidi dola milioni 100, mwaka 2010 naye kafilisika, na ukifuatilia yake unakuta alikuwa anabeba kundi kubwa la ndugu na marafiki, alafu akaingia kwenye biashara ya majumba kule Chicago, mikopo ya hayo majumba akaidhamini yeye binafsi kwa jina lake, soko la nyumba lilipoanguka madeni yote yakamgeukia. Boris Becker wa tenisi, mtu aliyebeba Wimbledon akiwa na miaka 17, mahakama ya London ilimtangaza mufilisi 2017. Emmanuel Eboué wa Ivory Coast aliyechezea Arsenal, mwaka huohuo wa 2017 alijitokeza mwenyewe akaeleza dunia kwamba hana kitu.

Mwaka 2015 wachumi wa Marekani walitoa utafiti kuhusu wachezaji wa NFL, ule mpira wao wa kubeba mikononi, walioingia ligi kati ya 1996 na 2003. Walikuta kwamba miaka 12 baada ya kustaafu, karibu 16 katika kila 100 walikuwa wamefungua kesi ya kufilisika. Hilo la kwanza. La pili ndio lilinikalisha kimya, wale waliopata hela nyingi na kucheza muda mrefu hawakuwa salama zaidi ya wale wa hela kidogo. Soma tena hapo. Kiasi cha hela hakikuwalinda. Nilikuwa nimeishi miaka yote najiambia kwamba ningepata milioni 100 badala ya 25 ningetulia, na sio kweli, ningekuwa na gari kubwa zaidi na binamu wengi zaidi.

Kilichonifungua macho mimi ni mama, na alifanya hivyo bila hata kujua.

Niliporudi sina kitu nikaanza kumsaidia pale Mwaloni, kubeba, kuanika, kupanga magunia. Nyie wa kwetu mnajua dagaa wanavuliwa giza. Mtumbwi unaingia ziwani na taa, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifanyi kazi tena, mitumbwi inalala, siku kama kumi hivi hakuna mzigo. Wavuvi wengi, na hawa ni watu hodari ambao ningetamani wawe na maisha mazuri kuliko waliyonayo, hela ya giza wanaila ndani ya giza hilohilo, ziwa si lipo, kesho si naingia tena, mbalamwezi ikifika wanakopa kwa tajiri mwenye mtumbwi na wanaingia giza jipya tayari wana deni.

Mama yeye hafanyi hivyo. Kila asubuhi ya giza akishauza, kabla hajanunua hata kitunguu, anatoa hela ya zile siku kumi ambazo hatauza, anaifunga kwenye kitambaa chake. Nilimuuliza, mama mbona leo biashara nzuri lakini tunakula kama jana? Akanijibu, "mwanangu, mimi sihesabu siku za kuuza, nahesabu siku za kukaa." Akaendelea kuanika dagaa wake. Mimi nikabaki nimesimama na ndoo mkononi.

Kwasababu mimi ile milioni 25 niliigawa kwa miezi 24 ya mkataba. Inakuja milioni na kidogo kila mwezi, ongeza mshahara, nikajiona tajiri. Sasa mchezaji anapata giza moja tu maishani. Miaka nane, kumi, ukibahatika 12. Alafu una miaka 33 goti limechoka na mbele yako kuna miaka 40 ya mbalamwezi. Miaka 40 ni miezi 480. Gawanya milioni 25 kwa 480. Inakuja elfu hamsini na mbili kwa mwezi. Hiyo ndio hela niliyokuwa nayo kweli, na mtu mwenye elfu hamsini na mbili hanunui GX 110.

Nilimpa dogo simu nikamwambia piga hesabu yako mwenyewe. Akapiga. Akairudia. Akaacha kula.

Kuna watu huko nje wamelijua hili. Allen Iverson wa NBA, naye hela nyingi zilimpotea, lakini inaripotiwa kwamba mkataba wake na kampuni ya viatu ya Reebok uliweka fungu kubwa, zaidi ya dola milioni 30, ambalo haruhusiwi kuligusa mpaka afikishe miaka 55, yaani 2030. Aliyeandika kipengele hicho alimpenda kweli. Na Junior Bridgeman, huyu wengi hawamjui kwasababu hakuwa staa, alichezea Milwaukee Bucks na mshahara wake haujawahi kufika dola laki nne kwa mwaka, lakini akiwa bado mchezaji alianza kujifunza biashara, akanunua migahawa ya Wendy's, akawa nayo zaidi ya mia, amefariki 2025 akiwa tajiri kuliko karibu kila aliyecheza nae. Hapa nyumbani tuna mzee wetu Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, enzi ambazo mkimbiaji hakuwa analipwa hela za maana, na leo jina lake liko kwenye shule alizojenga na mkewe.

Basi dogo akauliza, sasa nifanyeje kaka? Nikamwambia nusu ya usajili iondoke kwenye akaunti yako kabla mtaa haujajua imeingia. Kuna hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali, zinazouzwa na Benki Kuu, unaanzia milioni moja, riba inaingia kila miezi sita. Kuna mifuko ya UTT ya uwekezaji wa pamoja, hiyo unaanza na hela ndogo na kutoa ni rahisi zaidi. Watu wa benki watakwambia urahisi wa kutoa ni faida, kwa mchezaji wa miaka 21 mimi naona ni hatari, tafuta sehemu ambayo kutoa hela ni usumbufu, maana atakayekuja kuomba anakuja leo usiku na anataka leo usiku. Bibi yangu alikuwa anaanika michembe wakati viazi vimejaa shambani, hakusubiri njaa ndio aanze kukata. Tukakubaliana hiyo hela tunaiita michembe.

La ndugu nilikaa nalo muda mrefu maana ndio lilinimaliza. Usiseme hutasaidia, ni uongo, utasaidia, na ni vizuri usaidie. Ila weka kiwango. Mama yako apate hela yake kila mwezi kama mshahara, tarehe moja, hata kama ni ndogo, kuliko kumpa milioni 2 mara moja kama mimi alafu miezi sita huna kitu cha kumtumia. Michango yote iwe na fungu lake la mwezi, likiisha limeisha. Na tafuta mtu mmoja wa kusema hapana kwa niaba yako. Dogo ana dada yake mkubwa ana duka Mabatini, mkali, anaheshimika, tukampigia hapohapo. Kuanzia sasa jibu ni "ongea na dada." Wengi hawatampigia.

Biashara usiyosimama mwenyewe sio biashara yako. Zile bodaboda mbili, moja iliibiwa, nyingine niliambiwa iko gereji kwa miezi minne, na ugomvi na binamu yangu umetuchukua miaka kuumaliza. Yeye hakuwa mwizi. Alikuwa na njaa na mimi sikuwa naulizia hesabu. Kiwanja cha Buhongwa aliyeniuzia alikuwa kamuuzia mwingine kabla yangu, mimi nina karatasi tu ya mkono na mashahidi wawili. Chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi waangalie ni cha nani, kimepimwa au hakijapimwa, ndio utoe hela. Ni asubuhi moja tu ya kusumbuka. Na usiweke sahihi kumdhamini mtu mkopo, hasa hii mikopo ya kausha damu yenye riba kali, kumbuka yale ya Walker.

Tulikaa mpaka saa kumi. Aliponiaga alikuwa mnyonge, nikaogopa labda nimemharibia furaha yake, maana na furaha nayo ni haki yake, kahangaika. Usiku nikamtumia meseji, nikamwambia nunua kitu kimoja unachokipenda, viatu vizuri, tv ya mama, furahi, umestahili.

Jumatatu tunaenda na dada yake kufungua akaunti ya michembe. Lile la gari bado hatujaelewana, yeye kashuka kutoka Crown mpaka IST, mimi nimebaki palepale, asubiri mpaka msimu wa kwanza uishe.