Mtungi wa Lita 20

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tatu, kitakachowasumbua kwenye kazi, nishati na pawa si fomula. Ni maneno. Huku kwetu Mombasa twasema "nguvu" kwa kila kitu: hamali ana nguvu, stima ina nguvu, uji watia nguvu. Fizikia haikubali. Kani husukuma au kuvuta, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea upande wa kani hiyo, na nishati ni akiba ya kuifanyia kazi; zote kwa juli. Pawa ni kasi ya kuifanya kazi hiyo, kwa wati. Mimi nilizichanganya muhula mzima.

Aliyenifungua macho ni muuza maji wa mkokoteni, mtaani Majengo. Maji ya mtungi wa lita 20 yana kilo 20. Tukichukua nyutoni 10 kwa kila kilo, dunia huyavuta kwa nyutoni 200. Akiyapandisha hadi ghorofa ya tatu, mita 9 juu ya barabara, kazi aliyoyafanyia ni 200 mara 9, yaani juli 1,800. Sasa agonge mlango asifunguliwe, abaki ameushikilia mtungi dakika tano. Jasho litamtoka, mkono utatetemeka, na bado kazi juu ya mtungi ni sufuri, kwa sababu haukusogea. Hapo wengi hukasirika, nami nilikasirika. Misuli yake yachoma chakula kweli, lakini nishati hiyo huishia joto mwilini mwake. Mtungi haukupata kitu. (Swali likitaka kazi yote ya kupanda ngazi, kumbukeni amejibeba na yeye mwenyewe. Akiwa na kilo 60, jibu ni juli 7,200.)

Mzee akipanda kwa sekunde 90 na kijana kwa 30, kazi juu ya maji ni ile ile. Pawa, yaani kazi ukiigawanya kwa sekunde, ndiyo tofauti: wati 20 kwa mzee, 60 kwa kijana.

Tokeni za stima nazo ni nishati, si pawa. Yuniti 1 ni kilowati-saa, juli 3,600,000. Gawanyeni kwa 1,800: mitungi 2,000 hadi ghorofa ya tatu! Pampu halisi hupoteza sehemu kwa joto na msuguano, sawa, lakini muuza maji akipandisha mitungi 50 kwa siku, maji yamepata sehemu 1 tu ya 40 ya yuniti. Tangu nipige hesabu hiyo, siachi tena feni ikizunguka bure kwa uvivu ule wa zamani.

Mashine hazina maajabu. Ubao wa mteremko hupunguza kani, nawe walipa kwa umbali.

Na geuzeni dakika kuwa sekunde kabla ya kugawanya. Mimi wati zangu zilitoka mara 60 ya jibu, mwalimu akaniuliza kama muuza maji wangu anatumia dizeli.