Andika, Halafu Paka Rangi Juu Yake

SWALI: Shikamoo shangazi. Nafanya kazi ya mahesabu kwenye duka moja hapa Moshi mjini, naishi Majengo na mume wangu, mama mkwe na wifi zangu wawili. Usiku nikiweka tu kichwa kwenye mto mawazo yanaanza, ada ya mtoto, kikoba, maneno niliyoambiwa mchana, yaani inafika saa nane bado niko macho. Rafiki yangu kanionyesha kwenye simu watu wana daftari la sanaa, wanaandika, wanabandika makaratasi na vitambaa, wanapaka rangi, anasema kichwa kinatulia. Ila mi kuchora sijui kabisa, na kuandika mambo yangu naogopa, nyumba yetu hakuna kisichofunuliwa. Na vifaa si bei sana? – Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na hiyo hofu ya kusomwa maana ndiyo inawazuia wadada wengi kuandika chochote, na kwakweli daftari la aina hii linakufaa wewe hasa kwa sababu hiyohiyo. Unaandika kila kitu kama kilivyo, hata jina la mtu, hata tusi, kwa peni ya kawaida, halafu unabandika karatasi na kitambaa juu yake na kupaka rangi nzito mpaka herufi zote zimepotea. Wifi akifunua anakuta ukurasa wa rangi na maua ya kitenge basi. Wewe umeshayatoa.

Na kuandika hivyo kuna maana, sio mambo ya simu tu. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walitoa matokeo ya utafiti wao, waliwaambia wanafunzi waandike jambo lililowaumiza sana, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Miezi iliyofuata, walioandika tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia walienda kliniki ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Ila ukimaliza tu kuandika unaweza kujisikia vibaya zaidi, hata wale wanafunzi ilikuwa hivyo, kwa hiyo usifanye kitandani ukitegemea ulale hapohapo, fanya jioni mapema ukishatoka kazini.

Kuchora hujui, sawa, hakuna anayekudai picha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia waliwapa watu wazima 39 makaratasi, kalamu za rangi na udongo wa kufinyanga, wakae dakika 45 watengeneze wanachotaka. Homoni ya stresi kwenye mate ilishuka kwa karibu robo tatu yao, na waliozoea sanaa hawakuwazidi wasiozoea.

Vifaa sasa. Chukua kaunta buku, karatasi zake ni nyepesi kwa hiyo gundisha kurasa mbilimbili ziwe nene, na nyingine zing'oe kabisa maana ukianza kubandika daftari litavimba halifungi. Rangi nyeupe ya ukutani iliyobaki kwenye kopo, ile ya maji, pakaa nyembamba kama msingi. Vipande vya kitenge muombe fundi cherehani, anavitupa kila siku, magazeti ya zamani yapo, brashi kama huna sambaza rangi kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Na wewe uko Moshi bwana, chemsha kahawa nzito ikipoa pakaa ukurasa mzima, inatoa rangi ya udongo nzuri mno mi naipenda kuliko za dukani. Kitu kingine, andika kwa ncha ya mshumaa mweupe neno lile linalokuuma, halionekani, halafu pitisha rangi ya maji ya watoto iliyochanganywa nyepesi, nta inakataa maji na neno linajitokeza. Ukishaliona vya kutosha lifunike na kitenge.

Ila mwanangu, kukosa usingizi kukiendelea wiki mbili au zaidi, au ukianza kuwaza kujidhuru, usikae na daftari, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi uonane na daktari umweleze wazi. Wazo la kujidhuru likija nenda siku hiyohiyo.

SWALI: Shangazi mi daftari ninalo tayari ila kurasa zinashikana, nikifungua zinachanika. Tatizo gundi? – Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana, ni haraka, tena Arusha mwezi wa sita na wa saba baridi ile rangi haikauki upesi. Acha daftari wazi usiku kucha, asubuhi sugulia mshumaa kidogo juu ya rangi au nyunyiza poda ya mtoto uifute, halafu weka kipande cha mfuko wa nailoni katikati ya kurasa kabla hujafunga.