Kiingereza cha Kidato cha Kwanza: Anza na Sentensi Zako

Ukitoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, iwe Ngaramtoni kule Arusha au Kibosho kule Moshi, kidato cha kwanza kinakubadilishia mambo kwa mpigo: Baiolojia, Jiografia, Hisabati na karibu masomo yote sasa ni Kiingereza. Wengi hukimbilia kukariri kanuni na orodha ndefu za maneno. Daftari linajaa, lakini sentensi moja sahihi bado haiandikiki.

Tafuta daftari dogo, tofauti na la darasani. Kila siku ya shule chagua maneno matano kutoka masomo ya siku hiyo. Kila neno litungie sentensi mbili, moja ya mazoea na moja ya jana: "The farmer plants beans." "The farmer planted beans yesterday." Chini ya kila sentensi acha mstari mtupu wa masahihisho, kisha umwombe mwalimu au kaka na dada wa kidato cha tatu wapitie. Kwa wiki utakuwa na sentensi hamsini zako mwenyewe. Ijumaa funika ukurasa, uandike upya zile tu ulizokosea.

Makosa yenyewe yanatabirika, kwa sababu mengi yanatoka kwenye Kiswahili tunachokijua vizuri. Sisi tunasema "mama anauza", mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Ukihamisha hivyo utaandika "My mother she sells bananas". Ondoa "she". Yeye wetu habagui mwanamke na mwanaume, ndiyo maana dada huandikwa "he". Ukimaliza insha, ipitie mara moja ukitafuta kosa hilo peke yake. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, lakini kwa Kiingereza anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hiyo omba hivi: "Lend me your pen." Tena, "nimefika jana" kwetu husemwa bila shida, ila "I have arrived yesterday" ni kosa: ukishataja jana, andika "I arrived yesterday". Na "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata hakiubebi tena: "Did you go?", siyo "Did you went?"

Linalowachanganya zaidi ni swali la kukanusha. Mwalimu akiuliza "Haven't you finished?" nawe hujamaliza, jibu ni "No, I haven't". Kwa Kiswahili ungeitikia ndiyo, yaani ni kweli sijamaliza. Ukisema "Yes" ataelewa umemaliza.

Kuzungumza, usingoje mtalii wa pale Mnara wa Saa mjini Arusha. Mwenzako wa dawati anatosha: dakika kumi, mmoja aeleze alichojifunza leo, mwingine aulize maswali matatu. Kiswahili kina vokali tano tu, hivyo "ship" na "sheep" mdomoni mwetu huwa kitu kimoja. Yafanyieni mazoezi maneno ya namna hiyo mawili mawili; mmoja atamke, mwingine aonyeshe kwa kidole alilosikia.

Kwenye mitihani, kitenzi cha swali kisome mara mbili. "Mention" inataka utaje tu. "Explain" inataka sababu au namna jambo linavyotokea. "Differentiate" inataka utofautishe vitu viwili, kila hoja ikigusa pande zote mbili. Inauma kuona mwanafunzi anayeijua mada akipoteza alama kwa kuorodhesha pale alipotakiwa kueleza.

Kusoma hadithi ni lazima, na maktaba ya mkoa ipo Arusha mjini na Moshi mjini. Fungua kitabu katikati, usome ukurasa mmoja. Maneno usiyoyajua yakizidi matano, kirudishe uchukue chepesi zaidi, hata kama ni cha watoto. Kitabu kigumu kitakufanya usome kamusi badala ya hadithi. Soma kurasa mbili kwa sauti, kifunge, kisha andika sentensi tatu za kilichotokea bila kuchungulia.