Kokwa la avoka tamu, mti wa avoka za nyuzi

SWALI: Nilinunua avoka tamu sana katika soko la Kadutu, nikapanda kokwa lake nyuma ya nyumba. Baada ya miaka saba mti umezaa, lakini matunda ni madogo, yana nyuzi na maji mengi. Je, udongo ndio mbaya? (Mama wa Panzi, Bukavu)

JIBU: Mama, udongo hauna kosa. Nyama uliyokula ilikuwa ya mti-mama. Kokwa ndilo mtoto, na mtoto huyo ana baba. Ua la avoka hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, hupokea chavua, hujifunga, na kesho yake hufunguka likiwa dume. Zamu zikipishana hivyo, mara nyingi nyuki huleta chavua ya mti mwingine, pengine ule wa jirani wenye nyuzi. Hata mti ukijichavusha, sifa zake huchanganyika upya katika kila kokwa. Ukitaka tunda lilelile, chukua tawi la mti uleule ulibebeshe juu ya mche mwingine.

Mti wako usiung'oe, makokwa yake yanafaa kutoa miche. Yapande kabla hayajakauka, upande mpana chini. Mche ukifikia unene wa penseli, ukate kiasi cha sentimita 20 juu ya udongo, upasue katikati sentimita 3. Kikonyo, yaani kipande cha mti mtamu utakachobebesha, kiwe cha sentimita 10 hivi, kutoka ncha ya tawi ambalo macho yake yamevimba ila hayajafunguka. Toa majani, chonga mwisho wake wa chini uwe kabari, uuingize katika mpasuo wa mche.

Hapa ndipo wengi huharibu: kikonyo chembamba huwekwa katikati ya shina nene. Kinachoshikana ni lile tabaka laini chini ya ganda, si mti wa ndani. Unene ukitofautiana, linganisha ganda upande mmoja tu. Kaza kwa ukanda wa plastiki, funika kwa kifuko cheupe, weka kivulini. Macho huchipua baada ya wiki 3 au 4. Kikonyo kikigeuka cheusi, ama kilikauka kabla ya kufungwa, ama maji yaliingia kwenye kidonda. Vichipukizi vya chini ya kiungo ving'oe vyote. Hivyo ni vya kokwa, na huwa na nguvu kuliko kikonyo.

SWALI: Nikichemsha chipukizi la mgomba, ugonjwa wa mnyauko utakufa? (Mkulima, Goma)

JIBU: Hapana. Tunguu (kitako cha chipukizi) lililomenywa, likizamishwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, hupoteza minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi. Bakteria wa mnyauko wamo ndani zaidi. Chipukizi ni kipande cha mama yake, utamu na ugonjwa hurithiwa pamoja, kwa hiyo usichukue hata moja katika shamba lenye mnyauko, hata likiwa kijani kabisa. Ili kuzuia mnyauko shambani kwako, kichana cha mwisho kikishatoka, vunja ua dume kwa fimbo yenye panda. Panga liache, maana hubeba utomvu toka mgomba hadi mgomba. Ndizi hazitapungua: hukua bila kuchavushwa.