Hasla hakuzika kabila

Ndugu yangu, unasema kampeni ya William Ruto ya 2022, ya mahasla, yaani watu wa chini wanaohangaika kutafuta riziki, ilimaliza siasa za ukabila Kenya, watu wakapiga kura kwa mfuko wao. Nusu ya hilo nakubali. Wilbaro, yaani toroli, ilikuwa alama ya chama chake cha UDA, na ilikuwa akili nyingi: mama mboga wa Gikomba na kijana wa bodaboda kule Kapsabet walijiona kwenye bango moja, bila kuulizwa lugha ya nyumbani.

Lakini angalia wagombea wenza. Ruto alimchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri, mpinzani wake Raila Odinga akamchukua Martha Karua wa Kirinyaga. Wote Mlima Kenya, eneo la Wakikuyu na jamaa zao! Kama kabila halikuhesabika, mbona kambi zote mbili zilipanda mlima uleule? Na Karua hakufua dafu hata kwao Kirinyaga. Ruto aliibeba kaunti hiyo.

Katiba ya 2010 nayo inachangia. Rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kabila moja halifikishi hapo, kwa hiyo chama kinafunga miungano nyumbani kwa wazee na kuimba uhasla barabarani.

Halafu baada ya kuapishwa, Gachagua akaanza kuongelea serikali kama kampuni yenye wenye hisa, yaani waliompigia Ruto kura ndio wafaidi kwanza. Hapo mama mboga wa Kisumu, ngome ya Raila, hisa zake ziko wapi?